Mauntingi za shokapu za kurekebishwa: alumini au chuma kwa sisi tunaokaa kando ya bahari?

Mpwa wa Chumbageni
Salaam wakuu. Nina Subaru Impreza ya mwaka 2005 ambayo springi zake zilishushwa na mwenye gari aliyenitangulia, na tairi za mbele zinalika upande wa ndani kiasi kwamba nyuzi za waya zimeanza kuonekana, ilhali upande wa nje bado una meno mazuri. Fundi wa alaimenti ameshauri nifunge mauntingi za juu za shokapu zinazorekebishika, yaani vile vishikio vinavyofunga kichwa cha shokapu kwenye bodi, ili aweze kuweka sawa kemba, yaani kuzuia tairi isilalie ndani kupita kiasi.

Duka moja lina mauntingi za alumini zinazong'aa kwa rangi nyekundu, na muuzaji anaapa kwamba alumini haijui kutu. Duka jingine lina za chuma kilichopakwa zinki, nzito, zisizopendeza, na bei yake ni kama nusu. Fundi wangu wa bodi hapa Tanga amenionya nisithubutu kufunga alumini, kwa sababu alumini ikikaa juu ya chuma "inakula bodi", na mtu anayelala Chumbageni na kushinda bandarini ataona shokapu ikitokeza kwenye boneti. Nani mkweli kati ya hawa wawili? Nawasilisha.

Babu Spana
Rudisha springi za kiwandani na tatizo litakuwa limekwisha kabla uzi huu haujafika ukurasa wa pili.

Kipimo Sahihi
Kwa maoni yangu wote wawili wamekosea, ingawa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Metali mbili tofauti zikigusana, kisha maji ya chumvi yakazifunika zote mbili kwa pamoja, mkondo mdogo wa umeme hupita kati yake, na ile iliyo dhaifu zaidi huliwa huku ikiilinda mwenzake. Ukizipanga metali kwa namna zinavyotenda ndani ya maji ya bahari, zinki ndiyo dhaifu, inafuatiwa na alumini, kisha chuma cha kawaida, na mbali zaidi hukaa shaba na chuma cha pua. Kwa hiyo alumini ikikutana na bodi ya chuma, kinacholiwa ni alumini yako ya bei mbaya, wala si bodi.

Ni kweli kwamba alumini haitoi kutu nyekundu, lakini hutoa unga mweupe, na unga huo ni metali iliyokwisha kuliwa. Muuzaji amekuambia nusu ya habari.

Mambo matatu lazima yakutane: metali tofauti, mguso kati yake, na maji yenye chumvi. Ukiondoa lolote kati ya hayo, ulaji huo unakoma. Mengine yote tutakayobishana hapa ni namna ya kuondoa mojawapo.

Sharifu wa Nyali
Namuunga mkono Kipimo Sahihi kwa niliyoyashuhudia hapa Mombasa. Gari la kaka yangu lilikuwa na mauntingi za alumini za rangi ya buluu, na lilikuwa likiegeshwa nje, upande unaopigwa na upepo wa bahari. Siku tuliyotaka kurekebisha kemba tulikuta zile nafasi ndefu ambamo bolti huteleza zimejaa unga mweupe ulioganda, na bolti nyeusi za alenki (zinazofunguliwa kwa ufunguo wa pembe sita) zilizokuja na mauntingi zimekuwa nyekundu mpaka ndani ya tundu la kichwa, kiasi kwamba alenki haikuingia tena mpaka tulipoigonga kwa nyundo. Bolti ya kwanza ilizunguka robo, ikalia, ikakatika. Iliyofuata ilitoka na meno ya alumini yakiwa yamejisokota juu yake.

Bodi chini yake, hata hivyo, ilikuwa na kutu ya juujuu tu, tena pale pale ambapo rangi ilikuwa imekwanguliwa na bamba la mauntingi lilipokuwa likisogezwa. Mahali ambapo rangi ilibaki salama hapakuwa na kitu.

Mnyoosha Bodi wa Gerezani
Ninyi mnasoma, mimi nakata na kuchomelea. Nimekata kiti cha shokapu, yaani pale bodi inapopokea shokapu chini ya boneti, ambacho kilikuwa kimetoboka kuizunguka mauntingi ya alumini kwa umbo lile lile la bamba, kana kwamba mtu alichora kwa penseli. Gari hilo hilo upande wa pili lilikuwa na mauntingi ya kawaida ya mpira, na upande huo ulikuwa mzima. Sasa naomba mtaalamu wa kupanga metali anieleze chuma kile kililiwa na nani.

Kipimo Sahihi
Mkuu, sikatai ulichokiona, nakataa sababu yake. Bamba la alumini lililofungwa juu ya bodi huacha mwanya mwembamba kuliko karatasi, na maji yakishaingia humo hayatoki wala hayakauki. Chuma ambacho rangi yake imekwanguliwa kitashika kutu ndani ya mwanya huo hata kama bamba lingekuwa la plastiki. Umbo la bamba ulilolikuta ni umbo la mwanya. Isitoshe, mauntingi ya mpira haisogezwi wakati wa alaimenti, kwa hiyo rangi chini yake haikuwahi kuguswa.

Dalali Mstaafu
Kabla hamjafika mbali, gari hilo la Gerezani lilitumika wapi kule Japani? Magari yaliyoishi Hokkaido na pwani ya kaskazini hupita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na mengi hufika hapa yakiwa yameoza chini huku juu yanang'aa. Ile karatasi ya mnada, inayoeleza hali ya gari lilipouzwa Japani, ina alama zake: S kwa kutu, C kwa kutu iliyokwisha kula chuma, na namba inayofuata huonyesha ukubwa wa tatizo. Watu wengi hutazama daraja la jumla na kilomita, hawashuki mpaka kwenye herufi hizo.

Mnyoosha Bodi wa Gerezani
Gari lilitoka Yokohama. Yokohama hakuna theluji ya kuzungumziwa.

Dalali Mstaafu
Yokohama ni bandari lilikopakiwa, mkuu. Gari linaweza kununuliwa kwenye mnada wa Sapporo, huko huko Hokkaido, likasafirishwa mpaka Yokohama, na nyaraka zako zikaonyesha Yokohama pekee. Linalotakiwa kuulizwa ni mnada gani liliuzwa.

Mnyoosha Bodi wa Gerezani
Na upande wa pili uliobaki mzima, haukupita kwenye hiyo theluji? Au theluji ya Sapporo huanguka upande wa dereva tu?

Babu Spana
Hapo Dalali ameshikwa.

Mwanamke na Mark X
Naomba niingilie kwa kuwa nami nimekuwa nikizitafuta mauntingi hizi. Gari langu ni Mark X, tairi za mbele zinalika ndani vilevile, na kuna mtu ananiuzia mauntingi za kurekebishwa za alumini kwa ajili yake. Je, haya mnayoyasema ya kutu yananihusu nami?

Kipimo Sahihi
Dada, kwako swali la kutu linakuja baada ya jingine. Kwenye Impreza shokapu yenyewe ndiyo inayoshikilia gurudumu kwa juu, hivyo ukisogeza kichwa chake ndani au nje, kemba inabadilika. Mark X mbele ina mikono miwili, wa juu na wa chini, na shokapu haiamui gurudumu lilalie wapi. Kusogeza kichwa cha shokapu hakutabadilisha kemba yako kwa kiasi cha maana. Unachohitaji ni mkono wa juu unaorekebishika, au kwanza kabisa ukaguzi wa bushi za mikono, yaani mipira ya maungio yake, kwa sababu bushi zilizochoka hulaza tairi bila gari kushushwa. Anayekuuzia ama halijui gari lako, ama anaijua vizuri sana pochi yako.

Mwanamke na Mark X
Ahsante, nimeelewa. Naendelea kufuatilia.

Fundi Mviringo
Mleta uzi, nina jambo ambalo lingekuokolea fedha. Impreza ya kizazi chako ina bolti mbili chini ya shokapu, zinapokamata nguzo ya gurudumu. Ile ya juu kati ya hizo mbili si ya duara kamili: ina pua ya kando, na ukiizungusha inasukuma gurudumu ndani au nje. Kiwanda kiliiweka hapo kwa ajili ya kemba. Kwa gari lililoshushwa kidogo, mara nyingi inatosha kuirudisha tairi karibu na vipimo vyake bila kununua chochote. Muulize fundi wa alaimenti kama aliigusa.

La pili ni kwamba kemba peke yake hula tairi polepole. Tairi inayoonyesha waya upande wa ndani mapema, mimi huanza kushuku uelekeo wake, yaani tairi mbili za mbele kutazama nje kidogo badala ya kwenda sambamba. Ukishusha springi, vipimo vyote viwili hubadilika, na huo uelekeo ndio mlaji mkubwa wa mpira. Unarekebishwa kwenye tairodi, zile fimbo za usukani, na tairodi hazihusiani na alumini wala chuma.

Mpwa wa Chumbageni
Fundi Mviringo, nimempigia simu. Anasema bolti hiyo anaijua ila imeganda kwa kutu, na hataki kuilazimisha isije ikakatika mikononi mwake.

Fundi Mviringo
Basi unaona kwamba gari lako limeanza kuugua kabla alumini haijafika. Bolti mpya ya aina hiyo inapatikana, na kuitoa ya zamani ni kazi ya mafuta ya kulainisha yakilowa usiku kucha, pamoja na subira ambayo fundi wako hana.

Mvuvi wa Mwanza
Mimi nimefunga mauntingi za alumini kwenye Impreza na ninaegesha hatua chache kutoka ziwani. Hakuna unga, hakuna kutu, rangi ya zambarau tu imepauka kwa jua pale mwanga unapopenya. Naona mnaogopeshana.

Sharifu wa Nyali
Ndugu yangu, Ziwa Victoria ni maji baridi. Ulete gari lako Nyali lilale nje msimu mmoja wa kusi, kisha uandike tena.

Mvuvi wa Mwanza
Nitalileta mkinitumia mafuta.

Mwanafunzi wa Madini
Nadhani mfano wa Mwanza unathibitisha hoja ya Kipimo Sahihi badala ya kuipinga, maana metali na mguso vipo, ila chumvi haipo, na maji yasiyo na chumvi hupitisha umeme kwa shida.

Ningependa kuongeza kwamba "alumini" si kitu kimoja. Mauntingi nyingi za barabarani hutengenezwa kwa aina inayoandikwa 6061, ambayo huchanganywa na magnesi na silikoni na huvumilia hewa ya bahari vizuri kiasi. Zile zinazotangazwa kuwa za mashindano mara nyingi ni 7075, yenye zinki nyingi pamoja na shaba kiasi cha asilimia moja hadi mbili. Hiyo ni imara zaidi kwa mbali, lakini shaba huifanya iwe mwepesi wa kuliwa, na ikikazwa sana ndani ya unyevu wa chumvi inaweza kupata nyufa. Kwa hiyo anayekaa pwani akinunua 7075 kwa sababu namba yake ni kubwa, amelipa zaidi ili apate kitu kisichomfaa.

Ile rangi nyekundu au buluu nayo kwa kawaida si rangi ya kupakwa. Uso wa alumini hugeuzwa kwa umeme kuwa tabaka gumu lisilopitisha umeme, kisha hutiwa rangi. Tabaka hilo ni kinga ya kweli, lakini ni jembamba, na huvunjika pale pale tunapolihitaji, yaani kwenye ukingo wa nafasi ambamo kichwa cha bolti kinakandamiza na kuteleza.

Kinyozi wa Magari
Dawa ni rahisi. Kata mpira wa tyubu ya ndani ya lori kwa umbo la bamba, uweke kati ya alumini na bodi, kaza. Mguso umeondoka, tumemaliza.

Kipimo Sahihi
Naomba usimfanyie hivyo mtu yeyote. Kwanza, bolti zinapita kwenye bamba na kwenye bodi, kwa hiyo mguso haujaondoka, umehamia kwenye bolti. Pili, mpira mweusi wa tyubu umejaa masizi ya kaboni ambayo ndiyo yanayoupa weusi wake, na kaboni kwa alumini ni adui mkubwa kuliko chuma, maana iko mwisho kabisa wa ule mpangilio wa metali. Mpira wenye kaboni nyingi unaweza kupitisha umeme kiasi cha kuila alumini inayougusa. Tatu, na hili ndilo linaloua watu, mpira unabonyea. Bolti uliyoikaza leo itakuwa imelegea baada ya matuta machache, kwa kuwa kilichokuwa kikiisukuma kimelala. Mauntingi ya shokapu hubeba uzito wa kona nzima ya gari.

Kinyozi wa Magari
Mbona mauntingi za kiwandani zina mpira na hazilegei?

Fundi Mviringo
Ule mpira umegandishwa kiwandani kati ya vyuma viwili, na bolti hazikazi kupitia kwenye mpira. Zinakaza chuma juu ya chuma. Tena chuma hicho na bodi ni jamii moja, ndiyo sababu magari yetu hukaa miaka ishirini bila mtu kufungua uzi.

Tajiri wa Tegeta
Mimi ningebadilisha bolti zote ziwe za chuma cha pua na kulala usingizi. Hazishiki kutu, habari imekwisha.

Mwanafunzi wa Madini
Hazishiki kutu zenyewe, lakini ziko mbali zaidi na alumini kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo mvutano kati yao ni mkubwa zaidi. Kinachokuokoa ni ukubwa: bolti ndogo ya chuma cha pua ndani ya bamba kubwa la alumini hula taratibu, kwa sababu ulaji umetawanyika. Ingekuwa kinyume chake, bolti ndogo ya alumini kwenye bamba kubwa la chuma cha pua, ungeiona ikiyeyuka. Hata hivyo kuzunguka tundu lenyewe, mahali maji yanapotuama, bado utapata vishimo.

Halafu kuna suala la nguvu. Bolti ya kawaida ya chuma cha pua iliyoandikwa A2-70 huanza kurefuka bila kurudi katika megapaskali (kipimo cha mkazo) 450 hivi, ilhali bolti ya chuma ya daraja la 8.8 hufika 640, na ya 10.9 hufika 900. Ukibadilisha bolti iliyochaguliwa na mtengenezaji kwa sababu ya kung'aa, umebadilisha pia hesabu yake. Na nati ya chuma cha pua juu ya bolti ya chuma cha pua bila grisi huweza kung'ang'aniana wakati wa kukaza mpaka zikawa kitu kimoja.

Tajiri wa Tegeta
Mimi sijawahi kung'ang'aniwa. Labda ni bei mliyonunulia.

Fundi Mviringo
Nauliza kwa nia njema: una uhakika kwamba hizo ulizofunga ni chuma cha pua? Weka sumaku. Chuma cha pua cha kawaida hakivutwi, au huvutwa kidogo sana. Kikigonga sumaku kwa nguvu, kuna uwezekano umeuziwa chuma kilichopakwa nikeli.

Tajiri wa Tegeta
Nitaangalia.

Mhamiaji wa Toronto
Salaam kutoka kwenye chumvi ya aina nyingine. Huku serikali humwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi, na kinga ya magari ni mazungumzo ya kila nyumba. Nataka kusahihisha jambo ambalo hata mafundi wa huku hulikosea. Watu wakisikia kwamba alumini ndiyo inayoliwa, hukimbilia kuipaka rangi alumini peke yake na kuacha chuma wazi. Hilo ni hatari, kwa sababu rangi ikipata mkwaruzo mmoja, nguvu yote ya kile chuma kikubwa hukusanyika kwenye doa hilo dogo la alumini na kulichimba. Paka chuma kwanza. Ukiweza, paka vyote viwili, lakini ukilazimika kuchagua kimoja, paka kile kinachokula.

Kwa vitendo: toa kutu iliyopo kwenye kiti cha shokapu, paka rangi ya msingi yenye zinki, kisha rangi ya juu, iache ikauke kabisa kabla ya kufunga. Usiweke rangi nene kama lami chini ya bamba, kwa kuwa nayo hubonyea kama ule mpira wa Kinyozi. Ukishakaza na kumaliza alaimenti, ndipo unapopulizia nta au mafuta ya sufu ya kondoo juu ya kila kitu, hasa mwanya wa ukingoni.

Mnyoosha Bodi wa Gerezani
Hilo la kupaka chuma kwanza nakubaliana nalo. Sikubaliani kwamba limejibu swali langu.

Kigogo wa Grisi
Sisi hupaka grisi ya shaba kwenye kila bolti na hakuna inayoganda. Mbona hakuna aliyeitaja?

Mwanafunzi wa Madini
Shaba iko mbali na alumini kuliko chuma. Unajaza punje za adui kwenye jeraha.

Kigogo wa Grisi
Punje hizo zimezungukwa na grisi, na grisi inafukuza maji. Umesema wewe mwenyewe kwamba bila maji hakuna ulaji. Nimefungua bolti za alumini zilizopakwa grisi hiyo zikiwa safi.

Mhamiaji wa Toronto
Wote wawili mna hoja mradi grisi ipo. Grisi ikioshwa kwa maji ya presha, mafuta huondoka na punje hubaki. Mimi hutumia aina yenye zinki au alumini ndani yake kwenye sehemu za alumini ili nisihitaji kubishana. Kumbukeni pia kwamba uzi wa bolti uliopakwa grisi hukazika zaidi kwa nguvu ile ile ya spana, kwa hiyo kipimo cha kitabu kinachohesabu bolti kavu kitaivuta kupita kiasi.

Msafishaji wa Mbezi
Afadhali umetaja maji ya presha. Wadau, mnazungumzia upepo wa bahari kana kwamba chumvi huja kwa upepo tu. Hapa Dar es Salaam sehemu nyingi za kuoshea magari karibu na pwani hutumia maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi ambayo hata sabuni haitoi povu. Mwenye gari huja, anafungua boneti, anaomba aoshewe injini, na maji hayo hupigwa kwa presha moja kwa moja kwenye vichwa vya shokapu. Mauntingi ya kiwandani ina kifuniko cha plastiki katikati na bodi haina tundu la ziada. Mauntingi ya kurekebishwa iko wazi juu, nafasi za bolti ziko wazi, na maji hutuama humo baada ya mteja kuondoka akiwa ameridhika. Halafu injini ya moto hukausha maji na kuacha chumvi, na wiki inayofuata anarudi kuongezewa.

Sisi ukituuliza ni maji ya wapi tutakuambia. Shida ni kwamba hakuna anayeuliza.

Sharifu wa Nyali
Hili limenigusa. Gari la kaka lilikuwa likioshwa kwa maji ya kisima kila wiki. Sikuwahi kulifikiria.

Mvuvi wa Mwanza
Kwa hiyo upepo wa kusi umeachiliwa huru bila dhamana?

Mkaazi wa Maskati
Huku kwetu Oman hatuna mvua za kutuama, lakini majira ya joto unyevu wa pwani ni mkali na vumbi lina chumvi. Mauntingi zangu za alumini hazikuliwa mahali mnapopataja. Kilichokufa ni kile kirungu cha chuma katikati, kinachoshika ncha ya shokapu badala ya mpira. Vumbi liliingia, unyevu ukaligandisha, kirungu kikashika kutu na kuanza kugonga kila nilipokanyaga tuta. Nilitumia muda mrefu nikitafuta sauti hiyo kwenye boljointi. Kwa hiyo mleta uzi asiangalie bamba peke yake. Aulize kama kirungu kina kifuniko cha mpira, na kama kinauzwa peke yake, kwa maana kuna mauntingi ambazo kirungu kikifa unanunua seti nzima.

Fundi wa Umeme Kariakoo
Naleta sababu ambayo haijatajwa. Magari mengi yana waya wa ethi wa betri uliofungwa kwenye bodi karibu na kiti cha shokapu. Ethi ikilegea, umeme wa starta hutafuta njia nyingine ya kurudi, na njia hiyo inaweza kupita kwenye mauntingi. Umeme ukipita kwenye mguso wenye unyevu, ulaji huongezeka maradufu. Swali la Mnyoosha Bodi kuhusu upande mmoja kuoza na mwingine kubaki mzima, mimi ningelijibu hivi: betri ilikuwa upande gani?

Kipimo Sahihi
Starta huvuta umeme kwa sekunde chache kwa siku, na injini ina njia nyingi za chuma tupu za kurudishia umeme huo. Sioni ukipendelea kupita kwenye bamba lililofunikwa kwa tabaka lisilopitisha.

Fundi wa Umeme Kariakoo
Lililokwanguliwa, mkuu. Mmesema wenyewe kwamba limekwanguliwa.

Mnyoosha Bodi wa Gerezani
Betri ilikuwa upande huo huo uliooza. Pia maji ya betri huwa yanamwagika, na hilo nalo hakuna aliyelitaja.

Dalali Mstaafu
Asidi ya betri ingeanza na trei ya betri yenyewe. Trei ilikuwaje?

Mnyoosha Bodi wa Gerezani
Trei haikuwepo. Betri ilikuwa imefungwa kwa kamba.

Babu Spana
Mashitaka yamefutwa dhidi ya alumini kwa kukosekana kwa trei.

Mpwa wa Chumbageni
Nashukuru wakuu. Bolti yenye pua imetoka jana baada ya kulowekwa, na alaimenti imeonyesha kwamba uelekeo wa tairi ulikuwa mbaya kuliko kemba, kama alivyosema Fundi Mviringo. Tairi ya kushoto imerudi ndani ya vipimo kwa bolti mpya peke yake. Ya kulia bado inalala, na bolti imefika mwisho wa mzunguko wake. Fundi sasa anataka tufunge mauntingi ya kurekebishwa upande mmoja tu, ya chuma chenye zinki.

Fundi Mviringo
Upande mmoja ukikataa wakati mwingine umekubali kwa bolti ile ile, mimi nisingenunua mauntingi yoyote kwanza. Pima umbali wa kiti cha shokapu kimoja hadi kingine, na kutoka kila kimoja hadi kwenye pointi ya kati ya bodi, na angalia kama shokapu ya kulia au nguzo yake imepinda. Gari hilo linaweza kuwa liligongwa.

Dalali Mstaafu
Na kwenye karatasi ya mnada tafuta daraja R au RA, maana huwekwa kwa gari lililofanyiwa matengenezo ya ajali.

Mpwa wa Chumbageni
Karatasi ya mnada sikupewa. Chini ya boneti upande wa kulia kuna mstari wa sili, ile gundi ya kuziba maungio ya bodi, ambao haufanani na wa kushoto, ni mpana na una alama za vidole. Nitapima kesho na kuweka vipimo hapa.

Mnyoosha Bodi wa Gerezani
Weka na picha ya upande wa ndani wa fenda, ukiweka tochi kwa chini. Na usikubali mtu apake kitu chochote juu ya sili hiyo kabla sijaiona.